Suala Kutoka Tongaren: Mbwa Mwenye Saratani na Haki Yake

Tumepata barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi sasa amekaa Tongaren, katika kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale. Yeye ana shamba la mahindi, ng'ombe wanne wa maziwa, na mbwa dume mmoja wa miaka mitano alindaye boma lake. Atwambia kwamba kwa muda wa miezi miwili alimwona mbwa huyo akitokwa na matone ya damu katika utupu wake, naye akidhani ni jeraha la kupigana. Damu isipokoma, akampeleka kwa daktari wa mifugo Kitale. Daktari akakuta nyama imeota mahali hapo, yenye vifundo vifundo na kutoka damu kwa kuguswa kidogo. Akagusisha kipande cha kioo juu yake, akakitazama kwa hadubini, kisha akamwambia: hii ni saratani.

Jirani yake amemshauri atie sumu ya wadudu katika kipande cha nyama, yaishe. Shemeji yake wa Mombasa, alipopigiwa simu, alicheka mpaka simu ikakatika. Naye atuuliza: je, kumtibu mbwa ni israfu? Je, yafaa kumuua ili apumzike? Na damu ile iliyomgusa mtoto wake ina khatari gani, na sala alizosali yeye na nguo zile zina hukumu gani? Mwisho wa barua ameandika maneno ambayo hatukuyatarajia: kwamba usiku, mbwa akija kulala mlangoni kama ada yake, yeye hujiona kama mtu aliyekhini amana, na huona haya kumwambia yeyote.

Barua hii tuliisoma katika darsa baada ya sala ya Alasiri, na baadhi ya wanafunzi wetu wakacheka kama alivyocheka yule shemeji. Hatukuwalaumu sana. Sisi wenyewe tulipokuwa chuoni tulikuwa tukiwafuata mbwa kwa mawe njia nzima, na hakuna mkubwa aliyetukataza. Tulidhani ni katika dini. Lakini mtu akikaa akasoma, huona kwamba mengi tuliyoyadhani ni dini yalikuwa ni ada za mitaani zilizovaa kanzu. Kwa hivyo tumeonelea kuijibu barua hii hapa, wala si kwa ndugu yetu peke yake.

Kwanza yapasa tujue Tongaren ni mahali gani. Nchi ile katika zama za Wazungu ilikuwa ni mashamba yao makubwa, na katika miaka ya 1960 ikakatwa vipande wakapewa wenyeji. Nyumba hazikubanana kama za Mji wa Kale. Kila mtu ana boma lake katikati ya shamba lake, na baina ya jirani na jirani pana mahindi marefu yawezayo kuficha watu ishirini. Huko mwizi wa ng'ombe huja usiku wa manane, na aliye wa kwanza kumjua ni mbwa. Sasa, Hadithi inayompunguzia thawabu mwenye kufuga mbwa, kirati moja au mbili kila siku, ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa mbwa wa kuwinda, wa kulinda wanyama na wa shamba. Wengi wetu twaihifadhi nusu ya kwanza tu ya Hadithi hiyo. Mbwa wa ndugu yetu yumo katika nusu ya pili pasina shaka yoyote. (Ama yule afugaye mbwa katika nyumba ya ghorofa mjini, hana ng'ombe wala shamba, illa kutaka aonekane na watu, huyo ana maneno mengine, na hakutuuliza.)

Ikiwa kumfuga kwajuzu, je, ana haki gani juu ya bwana wake? Jawabu imo katika kitabu cha kwanza kabisa tulichofundishwa. Kila mtoto wa pwani aliyepita chuoni amesoma Safinatun Najaa, na wengi wameihifadhi kwa moyo. Katika mlango wa kutayamamu tulifundishwa kwamba mtu aliye na maji kidogo huruhusiwa kuacha kutawadha akatayamamu kwa mchanga, ili maji yale ayahifadhi kwa kiu ya mnyama mwenye heshima, aitwaye muhtaram. Kisha tukahisabu kwa vidole wale sita wasiokuwa na heshima hiyo, na miongoni mwao ni mbwa mkali aumaye watu. Tuliimba maneno hayo mpaka koo zikakauka, wala hatukujiuliza maana yake. Ikiwa mbwa aumaye watu ndiye aliyetolewa, basi mbwa mwenye manufaa, asiyedhuru, yumo katika wenye heshima. Maji ya udhu wako ni yake akiwa na kiu! Hiyo ni madhehebu yetu wenyewe ya Kishafii, ambayo ni miongoni mwa zenye maneno makali katika najisi ya mbwa. Najisi ni hukumu moja, na heshima ya uhai ni hukumu nyingine, na wanazuoni wetu hawakuzichanganya. Tuliozichanganya ni sisi.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alitusimulia khabari ya mtu aliyeshuka kisimani kwa kiu chake, alipotoka akamwona mbwa akihema na kulamba udongo, akarudi chini akajaza maji katika khofu yake akaishika kwa meno mpaka juu, akamnywesha, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba wakauliza kama kweli wana ujira katika wanyama, nao wakajibiwa kwamba upo katika kila kiumbe chenye uhai. Nasi twajua pia khabari ya mwanamke aliyemfungia paka hata akafa kwa njaa, na alipofikia. Watu wa Lamu wahitaji fahari kwa jambo moja: tangu ilipofunguliwa zahanati ya punda katika mji wao mwaka 1987, Waislamu wamewapeleka punda wao kutibiwa vidonda na matumbo, na hakuna aliyepigiwa simu akacheka. Punda yule ni halali kumpanda, wala nyama yake hailiwi. Basi tofauti yake na mbwa wa boma, katika mlango huu wa kuondoshewa maumivu, ni ipi?

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, kwani mtu hawezi kutoa hukumu juu ya jambo asilolijua sura yake. Tumeuliza kwa wenye ujuzi, na waliyotwambia yametustaajabisha.

Karibu saratani zote huzaliwa ndani ya mwili wa mgonjwa na hufa pamoja naye. Hii iliyompata mbwa wa Tongaren si hivyo. Ni saratani iambukizayo. Chembe hai za uvimbe zenyewe ndizo zinazotoka kwa mbwa mmoja zikahamia kwa mwingine, kwa kupandana zaidi, na mara nyingine kwa kulambana, kunusana au kuumana. Ndipo uvimbe huonekana katika utupu, na pengine puani au mdomoni. Mwaka 1876 tabibu wa wanyama wa Kirusi aitwaye Novinsky alitwaa kipande cha uvimbe wa mbwa mmoja akakipandikiza kwa mwingine, nacho kikaota. Na katika mwaka 2019 palitolewa uchunguzi wa wataalamu waliokusanya vimbe kutoka kwa mbwa wa nchi nyingi za dunia, wakaona kwamba zote asili yake ni mbwa mmoja tu, aliyeishi Asia kiasi cha miaka 4,000 mpaka 8,500 iliyopita. Mbwa yule amekufa zamani, na saratani yake yaendelea kutembea juu ya migongo ya mbwa wa leo, hata ikafika Tongaren. Subhanallah.

Khabari njema kwa ndugu yetu ni kwamba haiambukizi watu. Mtoto aliyeguswa na damu ile hana khatari ya kupata saratani hiyo. Na khabari iliyo njema zaidi ni kwamba katika saratani za wanyama, hii ni miongoni mwa zinazosikia dawa kuliko nyingine. Kukata uvimbe peke yake hakutoshi, kwani mara nyingi hurudi. Dawa yake ni sindano iitwayo vinkristini, hutiwa katika mshipa wa damu mara moja kila wiki, kwa wiki nne mpaka nane kwa kawaida. Wakitibiwa mapema, mbwa tisa katika kila kumi, au zaidi, hupona kabisa.

Tena dawa hiyo si ngeni kwetu kama tudhaniavyo. Yatolewa katika mmea mdogo wenye maua ya waridi au meupe, ambao twauona umejiotea katika mchanga wa pwani, kandokando ya nyumba na hata makaburini. Asili yake ni Bukini. Huko Jamaika watu walikuwa wakinywa maji ya majani yake kwa ugonjwa wa sukari, na madaktari wawili wa Kanada, Noble na Beer, wakaanza kuuchungua kwa sababu hiyo. Sukari haikuteremka, lakini chembe nyeupe za damu zikapungua sana. Wakafahamu kwamba huenda ikafaa kwa saratani, na mwaka 1958 wakatangaza dawa ya kwanza waliyoitoa katika mmea huo. Vinkristini ikafuata kutoka mmea huo huo, na tangu miaka ya 1960 watoto wengi wenye saratani ya damu wameponeshwa kwayo pamoja na dawa nyingine. Twawatahadharisha wasomaji wetu wapendao miti shamba: asichume mtu majani hayo akayachemsha akamnywesha mbwa wala mwana wa Adamu. Mmea huo una sumu, na kilichomo katika sindano ni kiasi kidogo mno kilichosafishwa na kupimwa.

Tukirudi kwa israfu. Israfu ni kutumia mali pasipo haja au kupita kiasi cha haja. Chakula na maji ya mnyama uliyemfunga kwako ni wajibu juu yako, akiwa mzima au mgonjwa. Hilo halina khitilafu. Ama dawa, wanazuoni wa Kishafii hawakuifanya wajibu hata kwa mtu nafsi yake, bali ni sunna, kwa hivyo hatuwezi kumwambia ndugu yetu kwamba atapata dhambi asipotoa fedha za sindano. Lakini twamwambia hivi: una mlinzi aliyekesha kwa ajili yako miaka mitano, ugonjwa wake una dawa ijulikanayo, dawa yapatikana Kitale, na kupona kwake ni jambo la kutarajiwa sana. Kama baada ya chakula cha watoto wako, karo yao na deni la watu, fedha za sindano zabaki, basi zitoe na moyo wako utulie. Umeweka mali mahali pake. Na kama hazibaki, usikope kwa riba kwa ajili ya mbwa, wala usimwuze ng'ombe anyweshaye wanao. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Zungumza na daktari, kwani wengi hukubali kulipwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, kama sindano zenyewe zijavyo.

Yako mambo ya kuangalia. Kabla ya sindano yafaa damu ya mbwa ipimwe, maana dawa hii hupunguza zile chembe nyeupe, na zikipungua mno wiki hiyo huachwa. Pengine mbwa atatapika au atakataa chakula siku moja mbili. Dawa ikimwagika nje ya mshipa huoza nyama ya mahali hapo, ndipo ikawa si kazi ya mtu yeyote mwenye sindano mfukoni. Sharti iwe ni daktari. Na siku chache baada ya kila sindano, mkojo, kinyesi na matapishi ya mbwa huwa yana mabaki ya dawa. Asiyaguse mwanamke mwenye mimba wala watoto, na ayasafishaye avae mipira ya mikono. Hapa tulitabasamu katika darsa, kwa kuwa tabibu na fakihi, kila mmoja kwa njia yake, wamekutana mahali pamoja.

Ama tohara: kikavu kikigusa kikavu hapana la kuosha. Mate, damu na jasho vikigusa mwili au nguo, kwa madhehebu yetu huoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Wamaliki wao wasema mbwa aliye hai ni tahiri, na kule kuosha chombo mara saba ni ibada tu. Nasi twaitaja kauli yao ili ndugu yetu asiingiwe na wasiwasi wa kupita kiasi, wala si ili ayafanye mambo mepesi. Awe na kanzu moja ya kuhudumia mbwa na nyingine ya sala, na kitanda cha mbwa kiwe nje, chini ya paa. Mtoto hajabalighi; aoshwe tu. Na zile sala alizosali baba na nguo zenye damu naye hajui, kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba azirudie. Lakini imesihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa katika sala, akajuulishwa na Jibrili kwamba viatuni mwake mna uchafu, akavivua akaendelea, wala hakuanza upya. Sisi twaiona dalili hiyo ni yenye nguvu, na anayetaka kurudia kwa ikhtiyati hatumzuii.

Limebaki suala zito: kumuua ili apumzike. Kwa mbwa huyu, leo, jawabu yetu ni hapana. Haujafika wakati wake, na dawa haijajaribiwa. Lakini si kila mbwa atapata saratani ya namna hii. Iko saratani ya mifupa, huwapata zaidi mbwa wakubwa wa mwili. Kukata mguu huondosha maumivu, na mara nyingi ugonjwa huwa umekwisha kufika mapafuni. Yako mavimbe ya maziwa ya majike, ambayo baadhi yake ni mabaya na baadhi si mabaya, na yakikatwa mapema huenda ikawa ndiyo mwisho wake. Na hata hii ya kuambukiza, kuna mbwa wachache ambao dawa haiwafai. Ikifika hali ambayo daktari amekata tamaa, mnyama hali, hawezi kusimama, usiku kucha analia, afanyeje mwenye mbwa?

Katika Fat-hul Muin, kitabu kisomwacho sana pwani, tumesoma kwamba ni haramu kuchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na sheikh wetu aliyetufundisha, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuongeza neno. Lakini Mahanafi wamejuzisha kwa mnyama mgonjwa asiyetarajiwa manufaa, na Wamaliki wamejuzisha kwa aliyekatiwa tamaa. Nasi tumelifikiri jambo hili mudda mrefu, tukitazama ile Hadithi sahihi iliyoamrisha wema katika kila kitu, hata katika kuua, na kumpumzisha mnyama achinjwaye. Kumwacha mnyama agaegae kwa siku kumi, na wewe unaweza kuyakata maumivu yake kwa saa moja, kwa sababu tu nyama yake hailiwi, hatuoni kwamba ndio wema ulioamrishwa. Kwa hivyo kauli ya hao waliojuzisha ndiyo tunayoichagua, kwa masharti mawili: awe mjuzi ndiye aliyekata tamaa, wala si jirani, na iwe kwa njia isiyotesa. Daktari humlaza kwanza kwa dawa ya usingizi, kisha humpiga sindano ya pili, na moyo husimama naye hajui. Kisha mzoga uzikwe chini sana, kwani dawa ile hubaki mwilini na huua ndege na wanyama waufukuao.

Ama sumu ya wadudu katika nyama, hiyo ni haramu kwa madhehebu yote, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haiikubali vilevile. Mnyama hufa kwa mtukutiko na povu, na kipande kinachobaki huliwa na mbwa wa mtu mwingine, au kuku, au huokotwa na mtoto. Ajabu ni kwamba mwenye kushauri sumu huhisabiwa mtu mwenye akili, na mwenye kuuliza bei ya sindano huchekwa.

Na hayo machozi ambayo ndugu yetu ameyaonea haya, tungependa ajue kwamba alikuwako mtoto Madina, mdogo wake Anas, aliyekuwa na kindege cha kuchezea, kikafa, akahuzunika. Mtume wa Mwenyezi Mungu (S.A.W.), mwenye mizigo ya umma mzima, akamwuliza mtoto khabari za kindege chake kwa jina lake. Hakumwambia ni ndege tu.

Jawabu hii tuliipeleka Tongaren kwa mkono wa msafiri kabla ya kuipiga chapa hapa. Wiki iliyopita ametuandikia tena. Mbwa amepigwa sindano ya tatu. Baada ya ya kwanza alikataa ugali siku mbili, na baada ya ya pili uvimbe ukapungua zaidi ya nusu na damu ikakoma. Sala zile ameamua kuzirudia. Daktari amemwambia kwamba jike la yule jirani aliyeshauri sumu, ambalo huja bomani kila mara, huenda ndilo lililomwambukiza, na lisipotibiwa litawaambukiza wengine, na huyu wake asipohasiwa atarudia njia ile ile. Atuuliza kama yajuzu amlipie jirani sindano za mbwa wake, hali jirani si Mwislamu wala hajaombwa. Tumemjibu kwamba yajuzu na ana ujira, na kwamba aanze kwa kumwendea jioni, na chai, na asiitaje sumu.